Bap: neno la Kikorea lenye silabi moja

SWALI LA KWANZA

Asalaam alaykum, mheshimiwa mwandishi wa safu ya lugha. Mimi ni mwanafunzi wa sekondari hapa Wete, Pemba, na kila usiku baada ya sala ya Isha huangalia tamthilia za Kikorea pamoja na bibi yangu. Wiki iliyopita tulimwona mama mmoja akimtuma mwanawe dukani, na maandishi ya Kiswahili yaliyopita chini ya kioo yakasema, "Nenda ukanunue wali, mfuko wa kilo kumi." Bibi aliuacha ungo wake wa mchele na kuniuliza ni duka gani hilo linalouza wali kwa mfuko. Nilishindwa kumjibu. Tangu siku hiyo nimekuwa nikisikiliza kwa makini, na neno ninalolisikia kila mara watu wanapokutana, hata njiani, ni "bap", na maandishi husema, "Umekula?" Je, neno hili lina maana ya wali au ya chakula? Asili yake ni nini? Na kwa nini wenzetu huamkiana kwa kuulizana kama wamekula?

Msomaji, Wete

JIBU

Waalaykum salaam, mwanangu, na unifikishie salamu kwa bibi, kwani swali alilouliza akiwa na ungo mkononi ndilo swali ambalo mfasiri wa tamthilia ile alipaswa kujiuliza kabla ya kuandika sentensi yake. Mama wa Kikorea hakukosea, na katika lugha yake ni vigumu mno kukosea namna hiyo. Sisi tuna mpunga, mchele na wali, maneno matatu kwa hali tatu za kitu kimoja, na Wakorea nao wanayo matatu: mmea ulioko shambani pamoja na punje zake ambazo bado zina maganda huitwa *byeo*, punje zilizokobolewa huitwa *ssal*, na zikishapikwa huitwa *bap*. Kinachouzwa dukani kwa mfuko wa kilo kumi ni *ssal*, yaani mchele. Kwa dhana yangu, mfasiri hakuwa akisikiliza Kikorea hata kidogo, bali alikuwa akisoma maandishi ya Kiingereza, lugha ambayo ina neno moja tu kwa hali zote tatu, na akachagua mojawapo bila ya kutazama picha. Jambo hili linanisikitisha kwa dhati, kwa sababu Kiswahili kilikuwa na neno hasa lililotakiwa, nalo likaachwa kwa kuwa njia ya kufikia Kikorea ilipitishwa katika lugha isiyokuwa nalo.

Ulinganifu huo hauishii hapo. Chenga, zile punje zilizovunjika ambazo bibi yako huzitenga anapopeta, Wakorea huziita *ssaragi*, na kwao neno hilo limepanda hadi mbinguni: theluji inayoanguka kwa vipunje vidogo vigumu huitwa *ssarangnun*, yaani theluji ya chenga. Ukoko unaobakia chini ya chungu huitwa *nurungji*, na desturi ya zamani ilikuwa, wali ukishapakuliwa, kutia maji katika chungu kile kile cha moto ili ukoko ulainike na maji yapate harufu yake, kisha watu wakayanywa mwishoni mwa mlo. Kinywaji hicho huitwa *sungnyung*. Siku hizi majiko ya umeme ya kupikia wali hayaachi ukoko wa maana, kwa hiyo Wakorea huununua madukani umekwishatengenezwa na kutiwa katika mifuko, jambo ambalo nadhani bibi atalistaajabia kuliko lile la wali wa kilo kumi. Hata kitoweo kina mwenzake: vile visahani vidogo vya mboga, samaki na kabichi iliyochachuliwa vinavyozunguka bakuli la wali huitwa *banchan*, na kazi yake ni ile ile ya kitoweo chetu, kuusindikiza wali uingie kinywani. Tofauti iko katika wali wenyewe. Mchele wao ni wa punje fupi na nene, na ukiiva hushikamana, kiasi kwamba mpishi wa Kipemba angeuhesabu kuwa mashendea na kuona aibu kuupeleka mezani, ilhali kwa Mkorea wali unaotawanyika punje punje ndio ulioharibika.

Sasa nije kwenye swali lako la kwanza, yaani kama *bap* ni wali au ni chakula. Ni vyote viwili, na kimoja kimezaliwa na kingine. Maana ya msingi ni nafaka iliyopikwa kwa maji ikakauka bila ya kusagwa. Nasema nafaka, wala sisemi mchele peke yake, kwa sababu shayiri iliyopikwa hivyo ni *boribap*, na mchanganyiko wa nafaka tano unaopikwa kwa ajili ya mwezi mpevu wa kwanza wa mwaka wao wa kale ni *ogokbap*. Mchele mtupu ulipokuwa adimu, mtu aliyetaka kuweka wazi kwamba amekula wali mweupe hasa alilazimika kutumia neno maalumu, *ibap*. Kutokana na maana hiyo ya msingi likaja neno la mlo mzima. Mkorea akisema amekula *bap* asubuhi huenda amekula wali, supu na visahani sita vya kitoweo, na vijana wa leo hulitumia hata pale walipokula mkate. Huku kwetu neno wali halikufika mbali kiasi hicho, bali kazi ya kubeba mlo mzima tuliiachia neno chakula, linalotokana na kitenzi cha kula. Kwa hiyo mfasiri anayekutana na *bap* hana budi kuangalia kwanza: ikiwa kuna bakuli, mwiko au chungu, aandike wali, ikiwa ni mwaliko au kuulizana hali, aandike chakula, au aache kitenzi cha kula kifanye kazi peke yake, kama ilivyofanywa katika ile "Umekula?" uliyoisoma, ambayo ni tafsiri nzuri.

Kuhusu asili, neno *bap* ni la Kikorea chenyewe. Nalisisitiza hili kwa sababu sehemu kubwa ya msamiati wa Kikorea imetoka katika Kichina, kama ambavyo sehemu kubwa ya msamiati wetu imetoka katika Kiarabu, na watu wengi hudhani kuwa kila neno fupi la Kikorea ni la Kichina. Neno lililotoka Uchina kwa maana ya wali wanalo pia, nalo ni *ban*, ambalo halisimami peke yake bali hukaa ndani ya maneno mengine, kama hilo *banchan* nililolitaja juu. Maneno hayo mawili yameishi nyumba moja kwa karne nyingi bila ya moja kulifukuza jingine: *ban* likabaki katika maneno ya vitabuni na ya mikahawa, na *bap* likabaki mdomoni mwa mama anayewaita watoto waje wale.

Ushahidi wa maandishi tunao, tena ni mzuri ajabu. Mfalme Sejong alibuni herufi za Kikorea mwishoni mwa mwaka 1443 au mwanzoni mwa 1444, akazitangaza mwaka 1446, na pamoja nazo kikatolewa kitabu cha kuzieleza, ambacho nakala yake ya asili ilipatikana mwaka 1940 katika eneo la Andong na kuingizwa na UNESCO katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1997. Katika kitabu hicho kuna sehemu inayotoa mifano ya maneno kwa kila herufi, maneno ya kawaida kabisa ambayo mkulima yeyote angeyajua. Ilipofika zamu ya irabu *a*, mfano wa kwanza uliowekwa ni *bap*, umeandikwa kama unavyoandikwa leo, isipokuwa nukta moja ndogo upande wa kushoto iliyoonyesha kuwa sauti yake ilipanda juu. Kurasa hizo hizo zinataja na *byeo*, mpunga, kama mfano wa irabu nyingine. Kwa hiyo neno unalolisikia usiku katika tamthilia lilikuwa na umbo hilo hilo karibu miaka 580 iliyopita.

Litazame na umbo lake: 밥. Kialama cha juu kushoto na cha chini ni herufi moja iliyoandikwa mara mbili, ile ya *b*, na kati yake pana *a*. Kitabu cha 1446 kinaeleza kwamba herufi za sauti za midomo zilichorwa kwa kufuata umbo la kinywa: mraba mtupu ni *m*, na ukiongezewa mistari unapata *b*. Kwa hiyo neno la wali limeandikwa kwa kinywa juu na kinywa chini. Ukilitamka, midomo hufungwa, hufunguka, kisha hufungwa tena, na hapo mwisho usiiachie pumzi itoke. Huo ndio ugumu wake kwetu, kwani maneno yetu ya asili huishia kwa irabu na ulimi wetu hutaka kusema "bapu". Weka kipande cha karatasi nyembamba mbele ya mdomo na ulitamke: mwishoni karatasi isitikisike.

Neno la mchele, *ssal*, limebadilika zaidi, na nalieleza hapa kwa sababu linathibitisha jinsi familia hii ya maneno ilivyo kongwe. Mwanzoni mwa karne ya 12 mjumbe mmoja wa Kichina aitwaye Sun Mu aliorodhesha maneno ya watu wa ufalme wa Goryeo, yaani Korea ya wakati huo, kwa kuyakadiria kwa alama za Kichina, na neno la mchele alilisikia likiwa na silabi mbili, ya kwanza ikianza kwa sauti ya midomo. Katika karne ya 15 lilikuwa limefupika likaandikwa *psal*. Leo *p* hiyo imepotea ukilitaja neno peke yake, lakini ukiunganisha huibuka tena, kwa mfano mchele wa kunata ni *chapssal*, na nafaka ndogo ya mtama huitwa *jopssal*. Hakuna Mkorea anayefundishwa kuitia *p* hiyo, bali wameirithi tu. Na hapa nitahadharishe juu ya hadithi inayosimuliwa sana, kwamba *ibap*, wali mweupe, uliitwa hivyo kwa sababu chini ya nasaba ya wafalme wa Yi ni watumishi wa ufalme tu walioweza kuula, hivyo ukawa "wali wa Yi". Inavutia kusimulia, lakini tahajia za kale huonyesha neno *ni*, lililokuwa jina la mchele wa kawaida usionata, na *n* ikadondoka baadaye kama ilivyodondoka katika maneno mengine mengi ya Kikorea yaliyoanza hivyo.

Nimebakiwa na swali lako la tatu. Wazee wa Kikorea walio hai wanaikumbuka njaa. Palikuwa na kipindi cha majira ya machipuko ambapo mchele wa mavuno yaliyopita umekwisha na shayiri bado haijakomaa, na watu walikiita *boritgogae*, kilima cha shayiri, kwa kuwa ilibidi kukipanda na kukivuka kila mwaka, na si wote waliovuka. Hata katika miaka ya 1960 na 1970 serikali ya Korea Kusini ilikuwa ikiwataka watu wachanganye mchele na shayiri au wale vyakula vya ngano, zikatengwa siku ambazo mikahawa hairuhusiwi kuuza wali, na walimu wakawa wanakagua visanduku vya chakula vya wanafunzi kuona kama shayiri imo. Mbegu mpya ya mpunga iliyoitwa Tongil, iliyosambazwa kwa wakulima kuanzia mwaka 1972, ndiyo iliyosaidia nchi kujitosheleza katika muongo huo. Watu waliopitia hayo wakikutana, kuuliza *bap meogeosseo*, "umekula wali?", kulikuwa ni kuuliza jambo zito. Leo ni maamkizi tu, na jibu lake ni "ndiyo, nimekula" hata kwa asiyekula, kama sisi tunavyojibu "sijambo" tukiwa na homa. Inastaajabisha kwamba neno linazidi kustawi wakati chakula chenyewe kinapungua: mwaka 1970 Mkorea mmoja alikula wastani wa kilo 136.4 za mchele kwa mwaka, na mwaka 2023 kilo 56.4 tu.

Kwa kuwa unaandika kutoka Pemba, utapenda kujua kwamba uhusiano wa mpunga na Korea umefika hadi kwako. Skimu za umwagiliaji za Makwararani na Mlemele, pamoja na zile za Cheju na Kibokwa huku Unguja, zilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Exim ya Korea. Na hilo jina la Cheju limewashangaza wengi, kwa sababu Korea nayo ina kisiwa kikubwa ambacho hadi mwaka 2000 jina lake liliandikwa Cheju kwa herufi za Kilatini, na sasa huandikwa Jeju. Majina hayo hayana udugu. Tena yanapingana: Cheju yetu ni bonde la mpunga, na Jeju yao ni kisiwa cha volkano ambacho mawe yake hunywa maji yote, mashamba ya mpunga hayashiki, na wenyeji wake kwa karne nyingi walikula *bap* ya mtama na shayiri.

SWALI LA PILI

Ndugu mwandishi, mimi ni fundi seremala wa Mwanakwerekwe. Kijana wangu wa kazi anajifunza Kikorea kwa simu, na juzi alipokuwa akifagia chini ya meza ya msumeno aliniambia kuwa Wakorea huuita unga wa mbao "wali wa msumeno". Nilidhani ananitania. Kuna ukweli wowote? Na kama ni kweli, wali unahusiana vipi na takataka za mbao?

Fundi, Mwanakwerekwe

JIBU

Fundi wangu, kijana hakutanii. *Top* ni msumeno, na vumbi linalomwagika ukipasua ubao huitwa *topbap*. Maranda yanayojikunja kutoka katika randa huitwa *daepaetbap*, wali wa randa, na nyuzi zinazotokeza katika mshono wa nguo, pamoja na nyuzi za mshono wa kidonda, huitwa *silbap*, wali wa uzi. Zipo njia mbili za kuitazama *bap* hii. Ya kwanza ni kwamba vyote hivyo ni vipande vidogo vyeupe vinavyomwagika kwa wingi, na macho ya mtu aliyezoea wali huona punje. Njia hiyo tunaifahamu vizuri, kwa sababu nasi tuliona unga tukasema unga wa mbao. Watu wa kusaga waliona kitu kilichosagwa, na watu wa wali waliona wali. Ya pili, ambayo mimi ninaipenda zaidi, ni kwamba chombo hula. Msumeno hutafuna ubao, na kinachoanguka pembeni ni makombo ya mlo wake. Njia hii inapata nguvu ukisikia wazee wa Kikorea walivyozungumza juu ya saa za ukutani za kutiwa ufunguo, kwamba kuikaza saa ni kuipa *bap*. Saa haina punje wala vumbi, inalishwa tu ili iende.

Hapo ndipo neno linapoingia katika riziki, na kwa mtu wa kazi kama wewe nadhani ndiko kwenye utamu wake. *Bapbeori*, kutafuta wali, ni kufanya kazi kwa ajili ya kula. *Bapjul*, kamba ya wali, ni kazi inayomlisha mtu, na ikikatika kamba hiyo amefukuzwa. *Bapgeureut* ni bakuli la wali, lakini pia ni nafasi ya mtu kazini, na watu wanaogombea vyeo husemwa kuwa wanagombania bakuli. Huku kwetu tunasema fulani amemwaga unga. Chakula cha mfano kimebadilika, lakini hasara ni moja. Usemi wao wa kumwaga majivu juu ya wali uliokwisha kuiva, kwa maana ya kuharibu jambo lililobakia kidogo kukamilika, siwezi kuusoma bila ya kukumbuka kitumbua kilichoingia mchanga, na kitumbua nacho, fundi, si kingine ila mchele.

Wakorea wana na *bap* za huzuni. *Chanbap*, wali wa baridi, ni kiporo, na anayepewa wali wa baridi ni yule asiyethaminiwa: mfanyakazi anayerukwa, mtoto wa kambo, mchezaji anayekaa benchi msimu mzima. Kula *kongbap*, wali wa maharage, ni kufungwa jela, kwa sababu hicho ndicho kilichokuwa chakula cha wafungwa. Na lipo moja ambalo nimehangaika kulifasiri, *nunchitbap*. *Nunchi* ni ule uwezo wa kusoma uso wa mwenzako kabla hajasema neno, na *nunchitbap* ni wali anaoula mtu anayeishi kwa watu, kila tonge akilitazamia uso wa mwenye nyumba. Kiswahili kina chakula cha masimango, na ni karibu sana, lakini masimango husemwa yakasikika, ilhali mla *nunchitbap* hajaambiwa lolote bado. Anakula akingojea kuambiwa.

Kinyume chake ni *hansotbap*, wali wa chungu kimoja. Waliokula wali wa chungu kimoja ni watu wa nyumba moja, au wa kazi moja, au wa timu moja ya mpira. Angalia kuwa hawasemi sahani moja. Sisi tungesema sinia, kwa sababu tunakusanyika juu ya sinia na mikono hukutana humo. Wakorea hupika pamoja na kula kitoweo pamoja, lakini kila mtu huwa na bakuli lake la wali na kijiko chake, kwa hiyo undugu wao waliuweka katika chungu.

Kijana wako nae umwambie jambo moja la kumsaidia katika masomo yake. Maneno ya vyakula yanayoishia kwa *bap* hujifungua yakisomwa kuanzia mbele: *bibimbap* ni wali wa kuchanganya, na *gimbap* ni wali uliokunjwa ndani ya *gim*, ambao ni mwani. Si mwani huu wanaoulima kina mama wa Paje na Jambiani, ambao huuzwa nje ili utolewe utomvu wa kuzitia uzito bidhaa za viwandani. *Gim* ni mwani wa aina nyingine, hukaushwa ukawa karatasi nyembamba nyeusi. Ikiwa atakuletea maelezo kwamba *babo*, mjinga, ni neno lililotokana na *bap* na kiishio cha mtu mwenye tabia fulani, yaani "mtu asiyejua ila kula wali", ayasikilize kwa heshima, kwani ndiyo maelezo yanayotolewa mara nyingi, na *p* ya katikati inaeleweka kuwa ilidondoka.

SWALI LA TATU

Mheshimiwa, ninafanya kazi ya mapokezi katika nyumba ya wageni huku Nungwi. Mwezi uliopita tulipata wageni wa Kikorea, mume na mke, wote watu wazima sana. Mwenzangu alinifundisha kusema *bap meogeosseo* kuwa ndiyo "sabalkheri" yao, nami nikamwambia yule mzee kwa furaha. Alinitazama kidogo, kisha akatabasamu. Mkewe alicheka kwa kuficha mdomo. Nilikosea wapi?

Mfanyakazi, Nungwi

JIBU

Dada yangu, neno ulilotumia ni zuri, lakini ni la kumwambia rika lako, mdogo wako au mwanao. Ulimsemesha mzee kama mtoto anayeingia ndani kutoka kucheza. Yeye alitambua kuwa umekusudia wema, ndiyo maana alitabasamu, na cheko la mkewe halikuwa la dharau.

Katika Kikorea adabu haiwekwi juu ya sentensi kama "shikamoo" iliyotangulia, ambayo ukishaitoa unaweza kuendelea na maneno ya kawaida. Huingia ndani ya maneno yenyewe na kuyabadilisha. Kwa mtu mzima, *bap* hugeuka kuwa *jinji*, na kitenzi cha kula, *meokda*, hugeuka kuwa *japsusida*. Wali wa mezani kwa mfalme uliitwa *sura*, neno ambalo wataalamu hulinasibisha na Kimongolia cha zama ambazo ufalme wa Goryeo ulikuwa chini ya Wamongolia, katika karne za 13 na 14. Na wali unaowekwa mbele ya waliofariki katika ibada ya kuwakumbuka wahenga una jina jingine, *me*. Chungu ni kimoja na mchele ni mmoja, lakini jina linategemea nani anayepakuliwa. Katika ibada hiyo kijiko husimamishwa katikati ya wali, kwa hiyo ukiwaandalia wageni hao, usisimamishe kijiko katika bakuli lao hata kwa kusahau, kwani utakuwa umewaandalia kama wafu. Kilaze pembeni.

Mjukuu humuuliza babu yake, *jinji japsusyeosseoyo*. Kwa mgeni usiyekuwa na udugu naye, nakushauri utumie *siksa hasyeosseoyo*. *Siksa* ni neno lenye asili ya Kichina kwa maana ya mlo, halielemei kwenye ukoo, na ile sauti ya *sy* iliyo katikati ya kitenzi ndiyo iliyobeba heshima, hivyo usiimeze. Lisemwe baada ya wakati wa kula, si saa kumi na mbili asubuhi mtu anapotoka kuangalia jua likichomoza. Wakati huo mwamkie kwa *annyeonghaseyo*, inayofaa saa zote.

Mzee akikujibu atasema *ne, meogeosseoyo*, "ndiyo, nimekula", kwa kile kitenzi cha kawaida ulichokitumia wewe siku ile. Usidhani amekurudishia kosa lako. Kitenzi cha heshima huambiwa mwingine, na mtu akijizungumzia mwenyewe, hata akiwa na miaka tisini, hula kwa *meokda*.